Tangi Lililoinama na Magari Yaliyozikwa: Kuingia Amarillo kwa Barabara ya I-40

Ukivuka mpaka wa Oklahoma na Texas kwa barabara ya I-40, ukielekea magharibi, nchi inazidi kuwa tambarare mpaka macho yanakosa pa kutua. Hakuna mlima wala kichuguu. Ni majani, seng'enge, mitambo ya upepo na anga. Kisha, ukikaribia mji mdogo wa Groom, linatokea tangi la maji juu ya mnara wake, limeinama kama mlevi aliyekosa ukuta wa kuegemea. Miguu miwili imekanyaga chini, miwili inaning'inia hewani. Ubavuni limeandikwa jina la Britten.

Shemeji yangu anaendesha trela kati ya Memphis na California, na ndiye aliyeniandaa kwa njia hii. "Shem, ukiliona tangi limelala, usikanyage breki," aliniambia kwa simu. "Nyuma yako kuna watu kama mimi, na sisi hatusimami ghafla." Trela iliyojaa huku inaruhusiwa kufika tani 36 hivi, na mwendo halali kwenye kipande hicho ni maili 75 kwa saa, yaani kilomita 120. Kwa hiyo ushauri wake niliuheshimu.

Tangi lenyewe halikupigwa na kimbunga wala halijaanza kuanguka leo. Bwana mmoja, Ralph Britten, alilinunua likiwa tangi la kawaida, akalisimamisha hapo likiwa limepinda makusudi, liwe tangazo la kituo chake cha malori. Dereva anayepita analiona, anashtuka, anachepuka kwenda kuwaambia wenye mali kwamba tangi lao linaanguka. Akifika, anakuta kahawa, mafuta na choo. Kituo kiliungua moto miaka mingi iliyopita na hakikujengwa tena. Mtego umebaki peke yake, bado unanasa watu, ingawa hakuna tena wa kuwauzia kahawa.

Nimeanza na hilo tangi kwa sababu linafungua maana ya karibu vyote utakavyovikuta mpaka mji wa Amarillo na mbele yake kidogo. Watalii huviita vituko. Mimi naona ni silaha. Vita vyenyewe vilikuwa kati ya miji midogo na barabara mpya.

Barabara ya zamani, Route 66, ilianza rasmi mwaka 1926 ikiunganisha Chicago na California. Ilipita katikati ya kila mji, mbele ya kila duka, kwenye kila taa ya kusimama. Msafiri alikuwa hana ujanja, lazima apunguze mwendo, na akipunguza mwendo anaona pai dirishani. Mwaka 1956 serikali ya Rais Eisenhower ikapitisha sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu zisizo na makutano, na I-40 ikaja kulala pembeni mwa Route 66, nje ya miji. Kwa upande wa Texas, mji wa mwisho kurukwa ulikuwa McLean, mwaka 1984. Mwaka uliofuata Route 66 ikafutwa kwenye orodha ya barabara za taifa.

Hata kupiga kelele kwa mabango kulikuwa kumeshabanwa. Sheria ya mwaka 1965 ya kupendezesha barabara kuu, iliyopiganiwa na Lady Bird Johnson, mke wa rais na binti wa Texas mwenyewe, iliwekea mipaka mabango ya matangazo kando ya barabara hizi. Kilichobaki kwa wengi ni kile kibao cha bluu kabla ya njia ya kutokea, chenye nembo ndogo za migahawa na sheli, na nembo hizo hulipiwa. Kampuni kubwa zinalipa bila kusikia uchungu. Mwenye mgahawa mmoja pale McLean atafanya nini? Atapinda tangi.

Kwetu mambo haya yamekwenda kwa njia nyingine kabisa. Ukipita Chalinze, Korogwe au Msamvu, biashara haikungoji uione, inakukimbilia dirishani na machungwa, korosho, maji baridi na mayai ya kuchemsha. Basi likisimama kuchimba dawa, kabla hujashusha mguu umeshauziwa kitu. Sijawahi kumwona mtu wa Ruaha Mbuyuni akihangaika kujenga sanamu la kitunguu la futi 50 ili watu wasimame. Vitunguu vyenyewe vimepangwa pale, na anayeviuza ana sauti. I-40 imekatazwa watembea kwa miguu, hakuna wa kukimbilia dirisha la mtu. Sauti ikashindwa, ikabidi umbo lifanye kazi.

Sasa tuanze njia. Mimi naishi Oklahoma City, na kutoka kwetu mpaka Amarillo ni mwendo wa saa nne bila kusimama. Kwenda bila kusimama, kwa maoni yangu, ni kujinyima.

Shamrock ni mji wa kwanza wa maana upande wa Texas. Pale kuna jengo la mwaka 1936 lililokuwa sheli na mgahawa kwa pamoja, Tower Station na U-Drop Inn, lenye mnara mwembamba, vigae na taa za neoni za kijani. Inasimuliwa kwamba mchoro wake wa kwanza ulichorwa na msumari kwenye vumbi. Mji uliliokoa, ukalikarabati, sasa ni ofisi ya kupokea wageni, na nyuma yake kuna mashine za kuchajia magari ya umeme ya Tesla. Hili lilinifurahisha kuliko neoni zenyewe. Gari la umeme linamlazimisha mwenyewe kukaa nusu saa, na nusu saa ndiyo dawa ambayo miji hii imeitafuta tangu barabara mpya ije. Nenda jioni kama unaweza. Mchana ni jengo zuri, basi. Usiku ndipo utaelewa kwa nini mtu wa mwaka 1936 angezima injini.

McLean watu wengi huipita, na wanakosea. Katika jengo lililokuwa kiwanda cha sidiria kuna makumbusho ya seng'enge, Devil's Rope Museum, yaani kamba ya shetani. Ndiyo, makumbusho mazima ya waya wa miba. Niliingia nikicheka nikatoka nikiwa kimya kwa muda, maana huo waya ndio uliotengeneza nchi hii. Joseph Glidden, mkulima wa Illinois, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya seng'enge yake mwezi Novemba 1874. Wafugaji wa Texas hawakuamini kwamba kiwaya kama hicho kinaweza kumzuia fahali, kwa hiyo mwaka 1881 yeye na mwenzake Henry Sanborn walianzisha ranchi karibu na hapa Amarillo ilipo leo, wakaizungushia uzio wote, kama tangazo. Sanborn baadaye ndiye aliyekuwa mstari wa mbele katika kuujenga mji wenyewe, ulioanza mwaka 1887, na watu humwita baba wa Amarillo. Kwa hiyo mji huu unaosifika kwa matangazo ya kando ya barabara una tangazo katika mizizi yake, tangazo la ukubwa wa ranchi nzima.

Kati ya McLean na Groom kuna kituo cha mapumziko cha serikali, kimepambwa kwa mtindo wa Route 66. Vyoo ni visafi kuliko vya sheli nyingi. Ukutani kuna kibao kinachoonyesha sehemu ya kujificha tornado ikija. Chimba dawa, nyoosha miguu, tazama mawingu, endelea.

Groom yenyewe, ukiacha tangi, ina msalaba. Mweupe, wa chuma, urefu futi 190, ulisimamishwa mwaka 1995, na kwenye nchi bapa namna hii unaanza kuuona ukiwa mbali sana. Chini yake kumezungushwa sanamu za ukubwa wa mtu zinazosimulia njia ya msalaba. Usijisumbue kubishana kama ndio mkubwa kuliko yote. Ule wa Effingham, Illinois, kwenye makutano ya barabara nyingine kubwa mbili, una futi 198. Kwa nini yote miwili imekomea chini kidogo ya 200? Juu ya futi 200 unaingia kwenye sheria za kuwaonya marubani, na sidhani kama kuna aliyetaka taa nyekundu zimulike juu ya kichwa cha msalaba.

Nilichokiona pale ni jinsi watu wanavyonyamaza wakishuka kwenye magari. Wanaosali wanasali, wanaopiga picha wanapiga, malori yanaegesha kwenye uwanja mkubwa bila kufukuzwa. Shemeji ni Mwislamu, lakini Groom ni miongoni mwa vituo vyake. "Hapa parking ipo na hakuna anayeniuliza nimenunua nini," anasema. Kwa dereva wa trela hilo si jambo dogo. Sheria inamtaka apumzike angalau nusu saa kabla hajavusha saa nane za usukani, na chombo cha elektroniki ndani ya gari kinaandika kila dakika. Akikosa pa kuegesha, hesabu inamsumbua yeye.

Kabla ya kufika mjini kuna hadithi ya Conway. Familia moja ilikuwa na duka na sheli pale kwenye njia ya kutokea. Kituo kikubwa cha kampuni kilipokuja kufunguliwa jirani, wao wakachukua magari ya Volkswagen, yale ya mgongo wa kobe, wakayafukia pua chini, mkia juu. Hiyo ilikuwa mwaka 2002. Biashara ilikufa vilevile. Wageni waliokuja walikuja kupiga picha na kupulizia rangi. Naitaja kwa sababu vitabu vya utalii huwa vinasahau sehemu hii, kwamba mtego unaweza kunasa watu elfu na bado usikuuzie soda.

Aliyefaulu ni Big Texan. R. J. Lee, ambaye wengi walimwita Bob, alifungua mgahawa wake wa nyama kwenye Route 66 mwaka 1960. Wenyewe husimulia kwamba mchunga ng'ombe mmoja alijigamba anaweza kula ng'ombe mzima, likaanzishwa shindano, akapatikana aliyemaliza steki za wakia 72 ndani ya saa moja, na tangu hapo Lee akatangaza kwamba atakayeweza kufanya hivyo anakula bure. Wakia 72 ni kilo mbili za nyama. Juu yake kuna kamba wa kuanzia, kiazi cha kuoka, saladi na mkate, na vyote lazima viishe. Unalipa kwanza, unarudishiwa ukishinda. Unakaa jukwaani mbele ya watu wote, saa kubwa inahesabu kurudi nyuma, na huruhusiwi kusimama mpaka umalize au ukubali kushindwa. Mwaka 2015 mwanamke mmoja, Molly Schuyler, alimaliza sahani tatu za namna hiyo kwa dakika 20. Ni mwembamba.

Lakini ujanja mkubwa wa Lee haukuwa nyama. I-40 ilipofunguliwa na magari yakahama, yeye hakubaki kulalamika kwenye barabara ya zamani. Mwaka 1970 aliihamisha biashara yake kuifuata barabara mpya. Mabango yake ya njano utayakuta mamia ya maili kabla ya kufika, mpaka watoto waliokaa nyuma wanaanza kukukumbusha. Jengo ni la njano kali, nje kuna sanamu la ng'ombe, pembeni moteli yenye bwawa la kuogelea lenye umbo la ramani ya Texas, na limuzini zenye pembe za ng'ombe kwenye boneti zinawafuata wageni hotelini bila malipo.

Chakula? Nitasema ukweli wangu. Nyama ni nzuri, si ya kusimulia ukoo. Aliyezoea nyama choma ya mbuzi na ndimu na pilipili ataona steki hii imepoa mapema na inaomba chumvi. Kelele ni nyingi, duka la zawadi linakudaka kabla ya meza. Ila kaa karibu na jukwaa, agiza kitu kidogo, uangalie nyuso za wanaume wakifika dakika ya 40. Hapo ndipo bei yako inaporudi.

Amarillo yenyewe ina watu kama laki mbili, na si Wamarekani wa zamani tu. Viwanda vya nyama vya eneo hili vimevuta wafanyakazi kutoka kila upande, wakiwemo wakimbizi wa Burma, Somalia na Kongo, kwa hiyo usishangae ukisikia "habari ya asubuhi" kwenye foleni ya dukani. Ukipata muda, nje ya makumbusho ya sayansi ya Don Harrington kuna mnara wa chuma wa mwaka 1968 wa kuadhimisha heliamu, gesi ambayo eneo hili lilitajirika nayo. Ndani ya nguzo zake waliweka vitu vya kufunguliwa baada ya miaka 25, 50, 100 na 1,000. Viwili vya kwanza muda wake umeshapita. Cha mwisho ni mwaka 2968, na wengi wetu tutakuwa na udhuru.

Kusini mashariki mwa mji, mwendo wa nusu saa, ardhi inapasuka ghafla na kuwa korongo la Palo Duro, la pili kwa ukubwa Marekani. Hapa hapakuhitaji ujanja wa mtu. Udongo mwekundu, njano na zambarau umepangana kwa tabaka, na barabara ya kushukia ilijengwa na vijana wa mradi wa ajira za serikali wa miaka ya 1930. Lakini fahamu unakanyaga wapi. Septemba 1874, miezi miwili tu kabla ya Glidden kupata hataza yake, Kanali Ranald Mackenzie wa jeshi la Marekani na askari wake walizishambulia kambi za wenyeji wa asili, Wakomanchi, Wakiowa na Wasayeni, zilizokuwa ndani ya korongo hili. Waliouawa walikuwa wachache, kwa sababu wengi walikimbia kupanda kuta. Mackenzie akateka farasi wao zaidi ya 1,000, akaamuru wengi wao wapigwe risasi. Watu wa farasi wakabaki kwa miguu, baridi inakuja, ikabidi wajisalimishe. Mwaka 1876 ng'ombe wa mfugaji Charles Goodnight walikuwa wameshaingia kulisha humo humo. Ranchi, seng'enge, mji, steki, vyote vimefuata baada ya hapo.

Upande wa magharibi wa mji ndiko kwenye kile ambacho wengi wanakijia: Cadillac Ranch. Magari 10 ya Cadillac, matoleo ya kuanzia 1949 mpaka 1963, yamezikwa pua chini kwa mstari mmoja katikati ya shamba. Mwaka 1974 wasanii wa kikundi cha Ant Farm kutoka San Francisco waliyafukia kwa fedha za tajiri wa Amarillo, Stanley Marsh 3, aliyeandika namba 3 hivyo hivyo kwa sababu tarakimu za Kirumi aliziona za majivuno. Mpangilio wa magari unaonyesha kuzaliwa, kukua na kufa kwa yale mapezi ya nyuma yaliyokuwa fahari ya magari ya Marekani. Mji ulipotanuka na kukaribia, mwaka 1997 yalifukuliwa yote yakahamishiwa maili mbili mbele, kando ya I-40 ile ile.

Leo mapezi utayatafuta. Wageni wamepulizia rangi kwa miaka hamsini, tabaka juu ya tabaka, mpaka magari yamenenepa na kingo zimekuwa mviringo. Mara chache wenyewe huyapaka upya yote, mara moja yalipakwa pinki kwa siku ya kuzaliwa ya mke wa Marsh, mara nyingine meusi kumwomboleza Doug Michels, mmoja wa wasanii, aliyefariki mwaka 2003. Baada ya siku chache rangi za wageni zinarudi.

Nilikwenda na watoto wa dada. Mkubwa alishika kopo la rangi akasita.

"Mama mdogo, haya magari ya nani?"

"Yana mwenyewe."

"Sasa mbona hatufukuzi?"

Nikamwambia apulizie tu. Akaandika jina lake kwa kijani, akarudi nyuma kulitazama, na kabla hajapiga picha kijana mmoja alikuwa ameshachora uso wa paka juu yake. Alinuna. Kisha akamchorea yule paka masharubu ya kijani, wakacheka wote wawili. Hakuna kiingilio, hakuna lango la tiketi, hakuna saa ya kufunga. Ndiyo maana naliweka eneo hili juu ya yote ya njia hii, japo linanuka rangi na makopo matupu yametapakaa kwa aibu. Chukua makopo yako urudi nayo. Vaa viatu usivyovionea huruma, kwa sababu mvua ikinyesha shamba lile ni tope la kung'oa soli, na usipulize rangi kuelekea upepo, maana upepo wa huko haupoi.

Shemeji hapapendi. Hakuna pa kugeuzia trela.

Yeye kituo chake cha kweli ni Vega, maili kama 35 magharibi ya mji, baada ya kupita Wildorado ambako harufu ya maelfu ya ng'ombe wa kunenepeshwa inaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Wenyeji huiita harufu ya pesa. Vega kuna kituo cha malori chenye jiko la Kihindi, kwa sababu madereva wa Kipunjabi wamejaa kwenye barabara hizi na nao walichoka na baga. Hakuna sanamu, hakuna jukwaa. Kuna chapati za moto, dengu, mbuzi na chai ya maziwa yenye tangawizi. Chapati zao hazina tabaka kama zetu, lakini baada ya siku tatu za mkate wa baga mtu wa pwani hawezi kuzikosoa kwa sauti.

Mbele kidogo ni Adrian, ambako kibao kinatangaza kuwa uko katikati kabisa ya Route 66, maili 1,139 kwenda Chicago na 1,139 kwenda Los Angeles. Piga picha kama unaendelea na safari ya magharibi, vinginevyo geuzia Vega. Wanaoendelea kwenda Albuquerque wana zawadi moja. Ukivuka mpaka wa New Mexico saa inarudi nyuma saa nzima, kwa hiyo muda uliokaa na chai unarudishiwa. Shemeji harudishiwi kitu. Chombo chake kinahesabu kwa saa za ofisi yao ya Memphis, popote alipo.